Hornillos ni matanuru ya kazi, si tanuru la Danieli

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Nyangezi, huku Kongo karibu na Bukavu. Mimi ni mchomaji wa matofali, kazi ninayoifanya tangu mwaka 2001, na nawaandikia kwa sababu ya neno moja mlilolichapa, neno linalohusu kazi yangu na linalomhusu mtu ambaye kaburi lake liko nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani kwangu.

Katika toleo lenu la kukumbuka Oktoba 31 mlitoa ukurasa mzima kwa Mafrere wanne wa Bugobe, watawa kutoka Hispania: Servando Mayor, Miguel Ángel Isla, Fernando de la Fuente na Julio Rodríguez, waliouawa siku hiyo mwaka 1996. Nawashukuru kwa ukurasa huo. Majina yote manne yameandikwa sawasawa, jambo ambalo hatulipati kila mwaka. Lakini katika aya ya tatu mwandishi wenu anasema Frere Servando alizaliwa katika kijiji ambacho jina lake maana yake ni matanuru ya moto, na kwamba jina hilo lilikuwa unabii: aliyezaliwa penye matanuru alikuwa ameandikiwa kutupwa katika tanuru, kama wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli. Tangu siku ile nimeyasikia maneno hayo mara mbili. Mara ya kwanza yalitoka kwa katekista wetu. Mara ya pili yalitoka kwa mtoto wa shule aliyepita karibu na matofali yangu na dumu la maji, akaniuliza kama ni kweli Wahispania wanaita vijiji vyao kwa jina la jehanamu. Ndiyo maana naandika sasa, kabla maneno hayajaota mizizi.

Kijiji kinaitwa Hornillos del Camino. Kiko katika mkoa wa Burgos, kaskazini mwa Hispania, kama kilomita 20 hivi magharibi ya mji wa Burgos wenyewe. Horno ni tanuru, au jiko la kuokea mikate. Ile -illo ya mwisho ni ya kupunguza, ya kufanya kitu kiwe kidogo. Kwa hiyo Hornillos ni vitanuru. Kwa Kiswahili chetu cha huku Bukavu tungesema tutanuru, kama tunavyosema tutoto na tunyumba, na kila mtu angeelewa kwamba hakuna jehanamu hapo. Waliosoma Kifaransa wanalijua neno fourneau. Ni ndugu yake wa damu, maana yote mawili yametoka katika Kilatini, furnus. Ufaransa nako kuna sehemu zinazoitwa Fourneaux, na sijasikia mtu akitafuta unabii ndani yake.

Jina hili si la jana. Katika karne ya 12 kuliandikwa kwa Kilatini mwongozo wa mahujaji waendao kwenye kaburi la Mtume Yakobo huko Santiago de Compostela. Mwongozo huo unavitaja vijiji kimoja baada ya kingine, mfano wa kondakta wa basi anapotangaza vituo. Baada ya Burgos inakuja Tardajos, na baada ya Tardajos panaandikwa Furnellos. Ni neno lilelile, na udogo wake uleule. Mwaka 1156 mfalme Alfonso wa Saba alikitoa kijiji hicho kwa monasteri ya Saint-Denis ya Ufaransa, kikiwa tayari na jina lake. Frere Servando alizaliwa pale Julai 20, 1952. Jina lilikuwa limemtangulia kwa miaka 800 hivi, na katika miaka hiyo walizaliwa chini yake wakulima, wachungaji wa kondoo, akina mama wa nyumbani na mapadre, wengi wao wakafa uzeeni kitandani mwao. Unabii gani unaowaruka watu wote hao?

Sasa niseme juu ya matanuru, kwa sababu hapa najua ninachokisema.

Tanuru la matofali halijengwi mahali popote. Unafuata udongo, unafuata maji, unafuata kuni. Ukivipata vitatu hivyo karibu na barabara, umepata mahali. Tunafyatua matofali kwa kalibu ya mbao, tunayaanika chini ya majani ya migomba yasipasuke kwa jua, na baada ya wiki mbili au tatu tunayapanga: tofali kwa tofali, kwa nafasi ya kidole kati ya moja na jingine ili moto upate kupanda. Chini tunaacha midomo mitatu au minne ya kuingizia kuni. Nje tunapaka tope pande zote. Halafu tunawasha, na kuanzia hapo hakuna anayelala sawasawa kwa siku tatu. Usiku wa kwanza ni wa moshi mweupe, huo ni unyevu unatoka. Usiku wa pili moshi unakuwa mwembamba, na ukichungulia mdomoni unaona matofali ya ndani yamegeuka rangi kama embe lililoiva. Usiku wa tatu tunaziba midomo kwa matofali na tope, tunaondoka, tunaliacha lipoe lenyewe wiki nzima. Anayelifungua mapema kwa pupa anakuta nyufa.

Na watu wanakuja. Hili mwandishi wenu hakulifikiria. Penye tanuru linalowaka usiku hawakimbii watu, wanakaribia. Wapita njia wanasimama kujipasha moto, hasa mwezi wa sita na wa saba baridi ya milimani inapouma. Watoto wanaleta viazi vitamu na mahindi ya kuchoma majivuni. Mama mmoja wa sokoni huwa anaacha mizigo yake kwetu alfajiri, akijua sisi tuko macho. Mwaka 2009 tulianza kuchoma kwenye kona ya barabara, na baada ya mwaka mmoja tu madereva wa pikipiki walikuwa wanasema: niache ku Tanuru, tukutane ku Tanuru. Hakuna aliyekutana kuamua jina hilo. Mwaka 2016 udongo mzuri uliisha pale, tukahamia chini bondeni, mwendo wa dakika kumi. Leo ukienda kwenye kona ile utakuta duka la vocha na shamba la maharage, hakuna hata kipande cha tofali. Na bado ni ku Tanuru. Mjukuu wangu ana miaka mitano, anasema ku Tanuru, na hajawahi kuona tanuru mahali pale.

Nikisoma Furnellos ndiyo naona jambo hilohilo. Watu walikuwa wanachoma kitu kando ya barabara, waliopita wakapaita walivyopaona, kazi ikaisha au ikahama, jina likabaki. Nipeni ninyi miaka mia mbili, kisha mtu aje kwenye kona yetu akawaambie watoto wetu kwamba babu zao waliishi mahali palipolaaniwa kwa moto.

Binti yangu wa pili ni mtawa. Shirika lake lilimtuma Hispania kusoma uuguzi, na kabla hajarudi alitembea kwa miguu kutoka Burgos hadi Hornillos na masista wawili, kwa sababu nilimwomba. Nilimwambia: ukikaa nchi hiyo miaka mitatu na usifike mahali alipozaliwa yule Frere tunayempelekea maua, sitakuelewa. Alikuwa ananitumia sauti kwenye simu kila anapopumzika. Walipita Tardajos, wakapita Rabé, halafu wakapanda uwanda mrefu wa mashamba ya ngano, upepo ukawa unaingia kwenye simu mpaka namsikia kwa shida. Papa, aliniambia, hapa hakuna mti. Nikamuuliza, hata mmoja? Akanijibu kwamba tangu saa mbili zilizopita ameona mti mmoja, na chini yake walikuwa wamekaa mahujaji sita. Mwisho wa uwanda huo kuna mteremko mkali unaoitwa Matamulos, yaani muua nyumbu, na kutoka juu yake unakiona kijiji chote kimejipanga kwenye barabara moja tu, nyumba kushoto na nyumba kulia, na kanisa katikati.

Hakuna mti. Neno hilo lilinikaa kichwani wiki nzima. Mwenye kuni nyingi anajenga tanuru kubwa. Asiye na miti atachoma kwa majani makavu, kwa miiba, kwa vichaka, na moto wa namna hiyo haupandi mbali. Lazima tanuru liwe dogo. Kwangu mimi ile -illos ya mwisho si mapambo ya lugha. Ni watu maskini wa kuni waliopimia tanuru lao kadiri ya moto walioweza kuupata. Nimewahi kuchoma hivyo mimi mwenyewe, mwaka kuni za mikaratusi zilipopanda bei mpaka hatukuziweza: matofali elfu mbili, tanuru linalokaribia kifua changu, tunalilisha mabua ya mahindi na vumbi la mbao kama mtoto mgonjwa anayelishwa kwa kijiko.

Binti yangu aliniletea kipande cha kigae cha paa. Alikiokota kwenye kifusi cha ukuta ulioanguka, pembeni ya njia, kabla ya kuingia kijijini. Sisemi kwamba kilichomwa pale pale, kigae husafiri. Lakini kiko dirishani kwangu sasa hivi ninapoandika na nakijua kama ninavyojua mkono wangu. Kimekunjwa kama nusu ya bomba. Mgongoni kuna mistari miwili iliyonyooka, upana wa kidole, pale mfyatuaji alipopitisha vidole vyake vilivyolowa ili uso uwe laini. Mstari mmoja unayumba mwishoni, bila shaka alikuwa anageuka kuchukua kingine. Upande wa ndani una mchanga ulioganda, maana alinyunyiza mchanga kwenye kalibu udongo usishike, kama tufanyavyo sisi. Na pale kilipovunjika unaona rangi tatu: nyekundu nje, nyeusi katikati, nyekundu tena. Sisi tunaita moyo mweusi. Unatokea pale moto unapokimbizwa, hewa ikawa haba, na majani yaliyomo ndani ya udongo yakashindwa kuungua yakaisha. Kijana wangu wa kazi alipokiona alicheka akasema: huyu naye alikuwa na haraka ya kulipwa. Nilikishika kile kipande muda mrefu. Nilimwona mtu mwenzangu.

Niseme kidogo juu ya sehemu ya pili ya jina, kwa sababu gazeti liliikata. Del Camino maana yake ni wa Njia, na Njia hiyo ni moja: ile inayotoka mpaka wa Ufaransa hadi Santiago, karibu kilomita 800. Kuna vijiji vingi vilivyopokea jina hilo, Rabanal del Camino, Boadilla del Camino, na vingine vina majina ya kazi au ya kitu ambacho msafiri anakitafuta. Baada ya Hornillos kinakuja Hontanas, ambacho ni chemchemi, na baada ya uwanda mkavu kama ule sihitaji kueleza kwa nini. Santo Domingo de la Calzada ni Domingo wa barabara ya mawe, mtu wa karne ya 11 aliyewatengenezea mahujaji barabara na daraja. Triacastela ni ngome tatu, ambazo hazipo tena. Hakuna majina yaliyotoka ofisini. Ni mdomo wa wasafiri na mikono ya wenyeji. Sisi tunaovuka mto Ruzizi na kupita msitu wa Nyungwe kwenda kuhiji Kibeho, Rwanda, tunaujua mdomo huo. Nasi tuna mahali tunapopaita kwa uji tulioupata pale au kwa basi lililotuharibikia.

Kijiji chenyewe kina chemchemi yenye sanamu ya jogoo mbele ya kanisa. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba askari wa Napoleon waliiba kuku wakati watu wako misani, wakawaficha ndani ya ngoma zao. Wenyeji walipolalamika askari wakakana, na papo hapo jogoo mmoja akawika ndani ya ngoma. Katekista wetu aliipenda kuliko habari ya matanuru, na nimemruhusu aisimulie hiyo.

Mji wetu mkubwa nao ulikuwa na majina mawili. Wabelgiji waliuita Costermansville, kwa heshima ya afisa wao mmoja. Watu wa hapa walikuwa na Bukavu, ambalo wazee wanaosema Mashi, lugha ya huku, wanalieleza kwa ng'ombe: bunkafu, mahali pa ng'ombe. Leo hakuna anayeagiza tiketi ya mashua ya Costermansville. Jina la ng'ombe limebaki, na hakuna aliyeona aibu. Basi kwa nini jina la tanuru tulitie hofu?

Lakini kuna jambo lililo zito kuliko jina, na nisingepoteza karatasi bila hilo.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi mwaka 1996 vita vilikuwa vimeingia Bukavu. Tarehe 29 Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa mjini. Mafrere wanne walikuwa Bugobe, jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyamirangwe, ambako walikuwa wanawahudumia watu na kusaidia masomo ya watoto wa kambini. Waliombwa waondoke. Walikuwa na mahali pa kwenda na walikuwa na nchi ya kurudi. Walikaa. Frere Servando alikuwa na miaka 44. Miili yao ilipatikana baadaye, ikaletwa Nyangezi, na wamelala hapa kwetu.

Mkiandika kwamba alikuwa ameandikiwa tangu kuzaliwa kwa sababu ya jina la kijiji, mnamnyang'anya lile alilolifanya. Mtu aliyeandikiwa hana la kuamua. Yeye aliamua, na wenzake watatu waliamua, ingawa mmoja tu kati yao alitoka kijiji chenye tanuru katika jina lake. Fernando alizaliwa mjini Burgos. Unabii wake yeye mngeutafuta wapi? Halafu tazameni upande wa pili: ikiwa kifo cha Servando kilikuwa ndani ya jina, basi waliomuua walikuwa wanatimiza maandiko tu, na mzigo wao unakuwa mwepesi. Mimi sikubali wapunguziwe hata kilo moja.

Na kuna sisi wenye kazi hii. Katika mkoa wetu ni watu wengi wanaokula kwa tanuru: wafyatuaji, wachota maji, wapasua kuni, wanawake wanaobeba matofali matano matano kichwani hadi barabarani kwa lori. Kanisa ambalo katekista wetu alisimama ndani yake akisema matanuru ni ishara ya mateso limejengwa kwa matofali. Mengine nayajua kwa alama ya kalibu, maana kalibu yetu ya zamani ilikuwa na ufa kwenye kona na kila tofali lilitoka na kijipembe. Kiko pale kulia, karibu na mlango wa sakristia, cha tatu kutoka chini. Moto unaoutaja Danieli uliwashwa ili kuua. Moto wa Hornillos uliwashwa ili mtu apate kuezeka kabla ya baridi, na mikate iive.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, mchapishe sahihisho, na mwandike jina kamili: Hornillos del Camino, kwa L mbili, vitanuru vya Njiani. La pili, mwakani mtakapoandika tena juu ya Oktoba 31, mwandishi wenu aje Nyangezi kabla ya kuandika. Asimame kidogo makaburini, halafu aje kwangu. Tanuru la sasa lina matofali elfu kumi na nane na tutaliwasha Jumatatu mvua ikituachia, lakini mwaka mzima huwa tuna jingine linalopangwa. Ashuke ku Tanuru. Dereva yeyote wa pikipiki anapajua. Hatakuta kitu pale. Atelemke kwa miguu upande wa bondeni, dakika kumi, akifuata moshi. Kigae kiko dirishani, nitampa akishike.

Wenu,
Mchomaji wa matofali, Nyangezi